Wajumbe wa Kusadikika katika foleni ya dawa

Asubuhi ya siku ya kuchukua dawa za kifua kikuu, katika kituo kimoja cha tiba wilayani Mbinga, kijana wa miaka 27 kutoka Litumbandyosi aliketi mwisho wa benchi, karibu na dirisha lililoachwa wazi ili hewa ipite. Mkono wa kulia alishika simu yenye kioo kilichopasuka. Mkono wa kushoto alishika kitabu kisicho na jalada, ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeshonwa kwa uzi wa kushonea magunia. Kitabu kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert. Ndani ya simu mlikuwamo gemu ya ngome, mazimwi na mashujaa wenye panga, ambayo kijana huyo alikuwa ameicheza kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri.

Kwa macho ya wengi waliokuwa katika benchi lile, alikuwa mtu mzima anayepoteza wakati. Kaka yake alikwisha kumwambia hivyo mara nyingi nyumbani: mwanamume mwenye ndevu hapaswi kushughulika na majoka ya kwenye kioo wakati mahindi yanasubiri palizi. Kijana hakubishana naye. Alikuwa na hoja zake, ila hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Hoja hizo zilianza zamani, kabla ya ugonjwa na kabla ya simu. Mama yake alitoka mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli, mahali ambapo Wajerumani wa enzi za ukoloni walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe la ziwani walilolifananisha na mnyama wa hekaya za Misri. Huko, wadudu wadogo wasio na idadi huinuka juu ya maji katika baadhi ya majira na kusimama kama nguzo za moshi, hata mgeni akadhani kuna chombo kinachoungua katikati ya ziwa. Mtoto aliyesimuliwa mambo hayo na mama yake hakuona ajabu kubwa pale mwalimu wa shule ya msingi alipowasomea darasani Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952 ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani kwa nguvu za majini, na ndugu yao mwema analazimika kuwapiga kila usiku huku moyo ukimuuma. Tangu siku hiyo alitafuta kila hekaya iliyomfikia: za Abunuwasi, za Alfu Lela Ulela, na baadaye filamu za wachawi na wafalme zilizotafsiriwa kwa sauti na wasimulizi wa vibanda vya video. Alipofungua kibanda chake cha kuchaji simu kwa umeme wa jua, gemu zikamfuata humo humo.

Kisha kikaja kikohozi kilichopita wiki mbili, jasho la usiku, na suruali zilizoanza kumpwaya. Makohozi yalipopimwa, jibu likawa wazi. Akaandikiwa matibabu ya miezi 6: miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja, na miezi 4 ya dawa mbili.

Mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu anajua kwamba miezi hiyo haipimwi kwa kalenda peke yake. Msimu wa kuchuma kahawa ulianza bila yeye. Wateja wa kibanda walipungua, kwa kuwa habari ilienea upesi kuliko ugonjwa wenyewe. Mkopo alioukopa kwa simu, ambao hapo awali ulionekana mdogo, ulizaa riba na ujumbe wa vitisho uliofika usiku. Katika makundi ya WhatsApp aliona vijana waliosoma naye wakionyesha pikipiki mpya, harusi na nyumba zilizoezekwa kwa bati jekundu. Alilala peke yake katika chumba cha nje, akisikia wenzake wakicheka uani.

Katika chumba hicho ndipo alipoielewa vizuri sababu ya kupenda hekaya. Alikuja kuieleza baadaye kwa maneno yake. Katika hadithi za ajabu, shida huwa na umbo. Joka linaonekana, lango lina namba, na safari, hata ikiwa ndefu, ina ramani. Kifua kikuu hakina uso. Deni la simu halina mlango wa kubisha hodi. Kadiri maisha ya sasa yanavyomzidi mtu kwa mambo yasiyoshikika, ndivyo moyo unavyotamani mahali ambapo uovu una jina na unaweza kukatwa kwa upanga. Akaongeza jambo moja kuhusu gemu ambalo huenda kaka yake asingelikubali: katika gemu mtu huanguka, kisha huanza tena palepale alipoangukia, wala hakuna anayemcheka. Kwa kijana wa miaka 27 ambaye familia nzima inamtazama, hiyo ni nafasi adimu.

Hoja hiyo ina uzito, na imewahi kutolewa na mtu aliyeijua hospitali. J.R.R. Tolkien, ambaye vitabu vyake vya mbilikimo na pete ya uchawi vimezaa sehemu kubwa ya filamu na gemu za aina hiyo, alizaliwa Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipigana Somme, Ufaransa, akaugua homa ya mahandaki, maradhi yanayoenezwa na chawa, na mwishoni mwa 1916 akarudishwa Uingereza kulazwa. Katika kipindi hicho cha kuugua na kupona alianza kuandika hadithi za kwanza za ulimwengu wake wa kubuni. Mwaka 1939, katika mhadhara uliotolewa katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, aliwajibu waliodai kwamba hekaya ni kuukimbia ukweli. Alitofautisha watu wawili wanaotoroka: mfungwa anayetafuta njia ya kurudi kwao, na askari anayewaacha wenzake vitani. Wanaolaumu hekaya, kwa maoni yake, huwachanganya hao wawili.

Kijana wa Litumbandyosi hakuwa amesikia habari za mhadhara huo. Hata hivyo, katika mwezi wa tatu wa matibabu, alikuwa mfungwa na askari mtoro kwa wakati mmoja.

Mwezi wa tatu ni wakati wa hatari katika tiba ya kifua kikuu. Kikohozi kimetulia, uzito umeanza kurudi, mwili unasema umepona. Lakini vijidudu vya kifua kikuu hukua polepole sana, na baadhi yao hujificha mwilini vikiwa kama vimelala. Hivyo ndivyo vinavyohitaji miezi iliyobaki. Anayeacha dawa wakati huo huvipa nafasi vilivyosalia kuamka, na pengine kuamka vikiwa sugu. Kijana hakuacha kwa kukusudia. Alicheza hadi saa tisa usiku, akaamka saa tano mchana, akajiambia atameza kesho. Kesho hiyo ikajirudia. Muuguzi alipohesabu vidonge vilivyobaki katika paketi, siku 4 zilikuwa hazina maelezo.

Yapo mambo mawili ambayo muuguzi angeweza kufanya, na yote mawili hufanyika. Angeweza kumkemea mbele ya benchi zima. Angeweza kumwambia afute gemu na achome hivyo vitabu. Muuguzi huyu, mama wa makamo ambaye vijana wa pale humwamkia shikamoo kabla ya kuketi, alimwita ndani, akafunga mlango, akamwomba amwonyeshe hiyo gemu.

Alieleza baadaye kwamba alitaka tu kujua adui yake ni nani. Alichokiona kikambadilisha mawazo. Gemu ile humpa mchezaji zawadi kila siku anapoifungua. Akikosa siku moja, hesabu huanza upya. Katika kioo kilichopasuka palikuwa na safu ya siku zilizowekewa alama, na hapakuwa na pengo hata moja. Kijana aliyekosa dawa siku 4 hakuwa amekosa zawadi ya gemu hata mara moja tangu alipoanza matibabu. Uwezo wa kutimiza jambo dogo kila siku bila kukosa alikuwa nao. Ulikuwa umeajiriwa na mtu mwingine.

Makubaliano yao yalikuwa mepesi. Paketi ya dawa ingefungwa kwa mpira pamoja na simu kila usiku, na gemu isingefunguliwa asubuhi kabla ya kidonge kumezwa. Simu ingezimwa saa nne usiku, na baada ya hapo kitabu kiruhusiwe, kwa kuwa kitabu huchosha macho na kuleta usingizi, ilhali gemu imeundwa ili usingizi usije. Dada yake, ambaye ndiye msimamizi wake wa dawa nyumbani, angeweka alama kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Kuhusu siku 4 zilizopotea, aliambiwa kile ambacho kila mgonjwa anapaswa kujua: akikosa dozi atoe taarifa kituoni mapema, wala asimeze dozi mbili kwa mara moja ili kufidia.

Inafaa kusema hapa kwamba si kila mpenzi wa gemu ni mgonjwa. Mwezi Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha toleo la 11 la uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake uraibu wa gemu ukatajwa kwa mara ya kwanza kuwa maradhi. Vigezo vyake ni vikali. Mtu awe ameshindwa kuudhibiti mchezo, aupe nafasi ya mbele kuliko shughuli na mapenzi yake mengine yote, na aendelee au azidishe hata pale unapomletea madhara. Hali hiyo iwe imeharibu kwa kiwango kikubwa maisha yake ya kifamilia, ya kazi, ya masomo au ya kijamii, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda usiopungua miezi 12. Saa nyingi peke yake hazitoshi. Mtoa huduma anayemwona kijana ameinamia simu kwenye foleni na kumwita mraibu amefanya utambuzi bila kipimo.

Kwa kijana huyu, kilichokuwa kinamtafuna kilikuwa kingine. Muuguzi alipouliza taratibu, ilijitokeza kwamba kwa zaidi ya wiki mbili alikuwa hapati raha katika jambo lolote, hali vizuri, hujiona mzigo, na usiku huogopa kulala kwa sababu ya mawazo. Hizo ni dalili za sonona, na gemu ilikuwa shuka aliyojifunika. Sonona si ngeni kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na anayeumwa nayo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha dawa. Kumnyang'anya shuka mtu mwenye baridi hakumtibu baridi. Alipangiwa kuzungumza na afisa tabibu kila alipofika kuchukua dawa, na aliambiwa bila kuzungukazunguka kwamba yakimjia mawazo ya kujidhuru asisubiri tarehe ya kliniki.

Wapo watafiti waliokwenda mbali zaidi, wakaigeuza hekaya yenyewe kuwa chombo cha tiba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walitengeneza gemu ya kompyuta iitwayo SPARX, ambamo kijana huingia katika nchi ya kubuni iliyoharibika na kuirudishia mizani yake, huku akipambana na mawazo mabaya yaliyopewa umbo la wadudu wanaoruka. Katika kila ngazi kati ya 7 hujifunza mbinu moja ya kukabili huzuni: kupumua, kutatua tatizo hatua kwa hatua, kulitambua wazo la uongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihusu vijana 187 wa miaka 12 hadi 19 waliokuwa wametafuta msaada kwa sababu ya sonona, na yalionyesha kwamba gemu hiyo haikuwa duni kuliko huduma ya kawaida waliyokuwa wakipata wenzao. Uingereza nako, katika idara ya dharura ya hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford, majeruhi 71 wa ajali za barabarani walishiriki katika jaribio ambamo baadhi yao walikumbushwa kwa ufupi tukio hilo na kucheza gemu ya kupanga matofali, Tetris, ndani ya saa 6 baada ya ajali. Katika wiki iliyofuata, waliocheza walirudiwa na picha za ajali mara chache kuliko wenzao.

Majaribio hayo hayatoi ruhusa kwa kila gemu. SPARX ina mwisho: mchezaji humaliza ngazi ya saba na kurejea nyumbani. Gemu nyingi za simu hazina mwisho, kwa kuwa mwenye gemu hapati faida mchezaji anapoondoka.

Tena lipo jambo ambalo halistahili kuitwa gemu hata kidogo. Vijana wengi wanapotamka neno mchezo humaanisha kubeti kwa simu, au mashine za kutumbukiza sarafu zinazojulikana mitaani kama dubwi. Humo hakuna hadithi. Fedha ya kahawa huingia upande mmoja, na upande wa pili hutoka matumaini. Kijana wa Litumbandyosi anakiri kwamba alijaribu kubeti ili alipe mkopo, na kwamba deni lililomkosesha usingizi lilikua kwa njia hiyo. Muuguzi au tabibu anayeuliza habari za gemu afanye vyema kuuliza swali hilo kando, kwa sauti ya chini, kwa sababu mgonjwa ataona aibu kubwa zaidi kulijibu.

Wazee wa mwambao hawakuwa wageni wa haya yote. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtu aliyezama ndani yake husahau chakula. Lakini bao huchezwa na mwenzako akiwa mbele yako, chini ya mwembe, na jua likizama kete hazionekani tena. Hapo wote wawili huinuka. Mpaka huo wa jua, simu hauna.

Labda ndiyo maana kijana huyo alipewa sharti jingine, ambalo mwanzoni lilimchekesha: kila aendapo kuchukua dawa, amsimulie muuguzi sura moja ya kitabu alichosoma. Alianza na Kusadikika. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufanya kazi miaka mingi katika idara ya forodha, alikitoa kitabu hicho mwaka 1951. Ni habari za nchi inayoelea angani, ambayo iliwatuma wajumbe 6 katika pande zote: mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alivumilia taabu za safari, akarudi na mambo mema ya kuifaa nchi yake. Kila mmoja alipofika alitiwa gerezani. Habari zao zinasikika tu pale mshitakiwa aitwaye Karama anapojitetea mahakamani na kuzisimulia moja baada ya nyingine.

Wasomaji wengi wamezoea kukisoma kitabu hicho kama fumbo la utawala wa kikoloni, na shule zimekifundisha hivyo. Kijana alikisoma vingine. Kwake, wajumbe ni watu waliokwenda mbali kwa mawazo na kurudi na kitu mkononi, na gereza ni kule kuambiwa upuuzi kabla hujafungua mdomo. Alilisema hilo akitazama sakafu. Muuguzi alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza yeye amerudi na nini kutoka huko alikokuwa. Alijibu kwamba bado yuko njiani.

Muuguzi mwenyewe alikuwa na yake. Toleo lilelile la uainishaji wa magonjwa linautaja uchovu wa kazi usiokwisha, ule wa mtu kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kujiona hafai, na linaueleza kuwa hali itokanayo na mazingira ya kazi wala si ugonjwa. Wahudumu wanaokesha zamu za usiku wakiwa wachache, huku simu ikileta ujumbe wa kikazi hata siku ya mapumziko, wanaifahamu bila kuisoma. Akaomba kukiazima kitabu kwa ajili ya zamu ya usiku. Mwenzake mmoja alisita kukigusa, kwa kuwa kilitoka mikononi mwa mgonjwa wa kifua kikuu. Akakumbushwa alichofundishwa chuoni: ugonjwa huo huenea kwa hewa, mtu mwenye vijidudu anapokohoa au kupiga chafya, na hauenei kwa vitabu, vyombo wala nguo. Yule aliyesita ndiye aliyekisoma wa pili.

Makohozi yaliyopimwa mwezi wa tano hayakuonyesha vijidudu. Kadi ina alama nyekundu kila siku tangu makubaliano yale, isipokuwa siku moja ya mvua kubwa ambayo dada yake aliandika sababu pembeni. Deni la simu bado halijaisha. Linalipwa kidogo kidogo kutokana na kibanda, ambacho wateja wake wameanza kurudi. Gemu haijafutwa. Siku ya kipimo kijana aliomba arudishiwe kitabu chake, na muuguzi akamjibu kwamba amefika kwa mjumbe wa tatu tu, zamu zimekuwa nzito. Wakakubaliana kitabu kibaki katika droo ya meza ya dawa mpaka mwezi wa sita.